Bega Nililolificha

Nyamwaga, Jumatatu alasiri

Mwanangu Chacha,

Barua hutangulia kuuliza hali ya anayeandikiwa. Mimi hali yako naijua, maana nakuona kutoka hapa mlangoni nilipoketi. Umepiga goti juu ya sanduku lako la bati, unalikaza kamba, na kamba unaivuta kwa mkono wa kushoto. Wewe si mtu wa kushoto. Kwa ajili ya hilo nimetafuta karatasi.

Mambo ya safari sitayaandika. Mama yako ameyasema yote, mengine mara tatu: lori la asubuhi mpaka Tarime, gari la Musoma, meli ya Mwanza, blanketi usilitandike penye maji, samaki wa njiani usimle. Umeitikia vizuri kila neno. Nilikuwa nikisikiliza, nikaona kuwa katika maneno yale yote hakuna hata moja kuhusu bega lako la kulia. Mama yako halijui. Mimi nalijua, na sikukuuliza. Tumekaa nyumba moja siku tano, wewe ukilificha, mimi nikikusaidia kulificha kwa kutazama pembeni.

Jumatano ulimega ugali kwa mkono wa kushoto. Bibi Wankuru, jirani yetu, alikuwepo, naye hapitwi na kitu. Akakuambia, "Chacha, umekuwa Mzungu hata kabla hujafika Mwanza?" Tukacheka. Ukasema umechomwa na mwiba kidoleni. Mwiba huo sikuuona, mwanangu. Nilichoona ni jinsi ulivyokaa kwenye kigoda, ukaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, ukauweka pajani kama mtu anayemlaza mtoto wa mwingine. Mimi nilimlaza mtoto huyo huyo zamani. Namjua anavyolala.

Najua pia kwa nini umenyamaza. Mwalimu wa michezo wa chuo unachokwenda kusoma Mwanza amekuandikia kwamba alikuona ukirusha mkuki kwenye mashindano ya shule, na kwamba anataka uwarushie wao wiki tatu baada ya kufika. Barua ile umeikunja ukaiweka mfukoni mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Unadhani ukifika na bega bovu watasema, huyu siye tuliyemtaka, arudi Nyamwaga akachunge. Ndiyo maana umeamua ufike, urushe, unyamaze. Nimeyasoma yote hayo usoni mwako, kwa kuwa uso huo niliwahi kuuvaa.

Lakini ngoja. Kabla ya bega nikuambie jambo ambalo nimekuwa nikiwaambia watu wengine tu, kwako nikalibana, nikiogopa utavimba kichwa. Wewe unarusha vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, na nimewaona wengi, weusi na weupe, jeshini.

Ile jioni baada ya mavuno, wewe ulidhani niko zizini. Nilikuwa nyuma ya ghala. Ulikuwa na ule mkuki mwepesi uliouchonga mwenyewe, unakimbia juu ya mabua ya mahindi yaliyovunwa. Hatua zako hazikuwa na papara, kama mtu anayewahi lori ambalo anajua litamngoja. Mguu wa kushoto ukakita chini ukakataa kusogea. Nyonga ikageuka. Kifua kikafuata nyonga, bega likafuata kifua, kiwiko kikapita juu karibu na sikio, na mkono ukaja mwisho kabisa, kama mgeni anayefika watu wameshanawa. Mkuki uliondoka kimya. Ukavuka mistari yote ya mkonge, ukavuka mpaka wa shamba letu, ukapotea.

Baada ya kitambo akatokea Bibi Wankuru na mkuki begani, majani ya viazi vyake yananing'inia kwenye ncha. "Mkuki wenu umekuja kunisalimia," akasema. "Niupikie chai, au hausubiri?" Ulimwomba radhi, nawe ulikuwa unacheka. Mimi pale nyuma ya ghala nilivua kofia nikamshukuru Mungu. Kazi nzuri ya mwili wa binadamu ni ya Mungu, na mimi jioni ile niliiona yote, kutoka kisigino hadi kidole.

Sasa nikuhadithie jinsi mimi nilivyoiharibu.

Tulikuwa tumerudi kutoka Burma, tumewekwa kwenye kambi moja huko Kenya tukisubiri kuachiwa turudi makwetu. Wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa nilipoondoka, na huko nilikuwa nikikuhesabia meno ambayo sijayaona. Kusubiri kulikuwa kurefu. Wakubwa waliona tunaanza kugombana, wakatupa michezo: kukimbia, kuvuta kamba, kurusha mkuki. Kuusikia mkuki, sisi wa huku tulicheka. Tukasema, huo si mchezo, huo ni wetu.

Kumbe hatukuujua. Kwetu mkuki hurushwa umpate mtu anayeondoka na ng'ombe wako. Unakwenda chini chini, unakwenda kwa hasira, na hakuna aliyewahi kuupima kwa kamba. Aliyetufundisha alikuwa sajenti mmoja mtu wa pwani, Omari, mwembamba, mtaratibu, mwenye kuchagua maneno kama mtu anayechambua mchele. Aliponiona narusha mara ya kwanza alisema, "Mwita, una ugomvi na hewa?" Akanionyesha. Miguu ndiyo inayorusha, akasema, na kiuno ndicho kinachopeleka. Mkono unabeba tu. Akanishika nyonga kwa mikono miwili akanigeuza kama mtungi.

Sikumsikia. Nilikuwa na mkono wenye nguvu kweli kweli, na mtu mwenye kitu kimoja kizuri hapendi kuambiwa kuna kingine. Nilirusha kwa mkono peke yake, na mkuki ukaenda mbali, watu wakashangilia, basi nikajiona nimemaliza shule. Wiki ya tatu bega likaanza. Nikilala upande wa kulia naamka. Nikivaa shati natanguliza mkono ule taratibu. Sikumwambia mtu.

Wewe umepita jandoni, sina haja ya kukueleza. Unasimama mbele ya kisu, ndugu wote wamekukazia macho, na jicho lako lisipepese. Nilisimama vizuri siku yangu, nawe ulisimama vizuri yako, na babu yako angalikuwa hai angalijisifia mpaka watu wamkimbie. Lile si jambo la kudharau. Ila nimechelewa sana kulielewa hili: jando lilinitaka ninyamaze asubuhi moja. Mimi nikanyamaza miaka.

Siku ya mashindano nilirusha mara mbili, na ule wa pili ukawapita wote. Ilibaki moja. Sajenti Omari aliniona nimelishika bega. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini asije akaniaibisha, "Pumzika, baba. Huo uliorusha unatosha."

Baba, alisema. Unajua yeye alimaanisha nini. Kule kwao mtu mzima humwita hivyo kijana anayempenda, na hata mtoto wake mdogo. Mimi Kiswahili nilikijua, nilikuwa nimesoma madarasa manne na nimekaa jeshini. Lakini kwetu baba mzazi ni tata, na anayeitwa baba ni mama. Nyuma yangu alikuwa amesimama Nyamhanga, mtu wa Itiryo, rafiki yangu kabisa, mwenye ulimi kama upupu. Akasema kwa Kikurya, wote wa kwetu wasikie, "Mura, umesikia? Mzee amekuita mama. Basi weka mkuki chini, nenda ukasonge ugali."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka kwa mdomo. Kisha nikauchukua mkuki, nikakimbia, nikarusha kwa mkono ule mgonjwa na kwa hasira yote ya mwanamume aliyeitwa mwanamke. Bega likatoa sauti kama kaniki inayochanwa. Mkuki ulianguka karibu, karibu hata kuliko wa watu waliokuwa wanajifunza.

Sajenti hakunigombeza. Alinifunga mkono kwa mkanda wake mwenyewe, akaniuliza, "Limeanza kuuma lini?"

"Leo," nikamwambia.

Akanitazama. "Leo," akarudia, akamaliza kufunga.

Mkono wangu haujawahi kuvuka sikio tangu siku hiyo. Unalima, unakamua, unaandika kama hivi, lakini haupandi. Wewe umekua ukiniona hivyo ukadhani ndivyo nilivyoumbwa. Kanisani nikiongoza sala nainua mkono mmoja, wa kushoto. Watu wameupa maana yao. Mwaka juzi mchungaji mgeni aliwaambia vijana wamtazame mzee huyu wa kanisa, jinsi anavyoinua mkono mmoja tu mbele za Mungu kwa unyenyekevu, asijionyeshe. Nami nikiwa pale mbele nikaitikia amina. Nimeombea dhambi nyingi, lakini ile amina bado inanisumbua.

Sasa naja kwenye kosa ambalo ni baya kuliko hilo, kwa sababu lile nililifanya juu ya bega langu, na hili juu ya lako.

Uliporudi likizo ukasema umekuwa wa pili kwenye mkuki shuleni, furaha ilinipanda mpaka nikapoteza akili. Nilishusha mkuki wa babu yako kutoka darini, mkuki wa vita, mzito, nikaufunga pete ya chuma shingoni uzidi kuwa mzito. Nikakuambia, rusha huu mara arobaini kila siku, ule wa shule utakuwa unyasi mkononi mwako. Nikasimama kando nikihesabu. Unakumbuka ulipofika thelathini na moja ulisemaje? Ulisema, "Tata, mkono umechoka." Nami nikakujibu, "Mkono wa nani?"

Ulimaliza arobaini. Kesho yake hukusema tena kwamba umechoka. Nilikwenda kulala nikijisifu kwamba nimelea mwanamume. Kumbe siku hiyo ndipo nilipokufundisha kuficha. Niliyafungasha makosa yangu nikayaweka mgongoni mwako, halafu nikahesabu. Nisamehe, mwanangu. Sisemi hivi kama mzee anayetaka kuambiwa "hapana, tata, hukukosa." Nilikosa.

Aliyekuokoa hakuwa mimi. Mama yako alikuwa shambani, ngedere wameingia kwenye mahindi mabichi, na sisi wawili tumesimama na mikuki yetu kama sanamu. Akaokota donge la udongo mkavu. Hakukimbia, hakukunja uso. Aligeuza kiuno kwanza, mkono ukafuata, donge likavuka shamba zima likapasukia kwenye mti walikokuwa wamekaa, ngedere wakaangukiana kukimbia. Mimi nilisema tu, vizuri. Wewe uliacha mdomo wazi. "Tata," ukasema, "umemwona mama? Kiuno kimetangulia."

Miaka ishirini nimeishi na mwanamke yule, na sajenti alinishika nyonga kwa mikono yake, nisione. Wewe uliona mara moja. Ukamwomba arushe tena, na tena, mpaka akakasirika. "Mnanicheka?" akauliza. Ulipomweleza akasema, "Ninyi mnarusha kwa hasira. Mimi narushia mahindi yangu." Akaenda zake.

Hapo ndipo nilipokuvulia kofia moyoni. Hukunibishia. Uliurudisha mkuki wa babu darini, ukaanza njia yako. Ulipanda mlima na gunia la mahindi mgongoni, ukashuka polepole, ukapanda tena. Ulibeba mawe ya kuzuia udongo shambani, ukiyainua kwa magoti na si kwa mgongo. Jembe ukawa unabadilisha mkono wa mbele kila ukimaliza mstari, jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya maishani, ndiyo maana nusu yangu moja ni ya mzee na nyingine ni ya kijana. Ukaruka kwa mguu mmoja kutoka zizini mpaka kisimani, wadogo zako wakikufuata mstari mmoja wakidhani ni mchezo. Na ukawa hurushi kila siku. Unarusha leo, kesho unapumzika, na Jumapili huugusi kabisa. Nilikuwa nasema moyoni, kijana huyu amekuwa mvivu. Kisha ukaja mkuki ule wa kwenye viazi vya Bibi Wankuru.

Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, naye hakuchoka. Nimelisema hilo mbele ya watu mara nyingi, na sikuwahi kufikiri kwamba linahusu bega.

Halafu ikaja barua ya mwalimu, ukaogopa. Nilikuona. Uliurudia ule mkuki mzito, ukarusha arobaini, na kesho yake arobaini, na kesho yake. Uliona njia yako ni nzuri kwa siku za kawaida, lakini kwa siku kubwa ukairudia ya baba yako. Ningeweza kuutoa mkononi mwako. Nilikaa nikasema, acha ajitayarishe. Jumatano ukamega ugali kwa kushoto.

Kwa hiyo nisikilize kama unavyomsikiliza mtu aliyelipia. Kuna uchovu na kuna uchungu, na si ndugu. Uchovu huenea katika nyama yote, ukilala unaondoka. Uchungu hukaa mahali pamoja, padogo, unaweza kupaonyesha kwa kidole, na ukiamka asubuhi unaukuta umeamka kabla yako. Wako ni huo wa pili. Haupigwi kwa nguvu. Unapewa muda, na wakati huo miguu na mgongo na tumbo vinaendelea na kazi, kama wewe mwenyewe ulivyokuwa ukifanya. Ukirudi kwenye mkuki urudi na hatua tatu tu, mkono laini, hata kama wenzako wanakucheka.

Mwambie mwalimu siku ya kwanza. Usingoje akuulize. Sikuahidi kitu. Inawezekana mashindano haya utayatazama ukiwa umekaa kando, na atarusha mwingine, na utaumia kuliko bega. Inawezekana pia mwalimu asifurahi. Lakini chuo kimekuchukua kwa hesabu zako na kwa mwandiko wako, mkuki wamekukuta nao. Utakaa huko miaka miwili. Bega utakaa nalo mpaka kaburini.

Najua kusema "linauma" ni kugumu kwa mtu wa kwetu. Hujawahi kumsikia mwanamume yeyote wa nyumba hii akilisema. Basi nalisema mimi kwanza, upate wa kumfuata. Linauma. Bega langu la kulia linauma, asubuhi hasa, na siku za mvua, limeuma miaka kumi na miwili, na sikumwambia mtu hata mmoja. Nimeliandika neno lenyewe, nikalitazama. Limekaa tu pale kwenye karatasi. Halikuniua.

Mkuki mzito usiutafute, nimeufunga darini kwa kamba ambayo hutaifungua. Ule mwepesi nimeuzungushia gunia, utakwenda nao.

Mama yako anakuja kutoka kisimani, namwona kwenye njia. Nitakwenda kumpokea ndoo kwa mkono wa kushoto kama siku zote, na leo nitamwambia kwa nini.

Neno la mwisho. Huyo mwalimu wako hasemi Kikurya. Hata ukimwambia mapema itafika siku utajisahau, utataka kurusha mmoja wa ziada, naye ataona. Atakusogelea akuambie kwa sauti ya chini, "Pumzika, baba." Masikio yako yatasikia mama. Yaache yasikie hivyo. Kumbuka donge la udongo, kumbuka ngedere walivyoangukiana, kumbuka ni nani katika nyumba hii aliyejua kurusha. Mtu akikuita kwa jina hilo, hajakutukana.

Uitike.

Mungu akutangulie njiani, na mkono wako uwe wa mwisho kufika.

Mimi tata yako,
Mwita